Povu Linakwenda Wapi? Historia ya Sabuni ya Gari, kutoka Mälaren hadi Kisumu

Kila mwaka theluji inapoyeyuka Stockholm, mabishano yale yale huanza katika familia zetu: gari lioshwe kwa sabuni gani? Wazee wengine husema sabuni ya vyombo inatosha, kwani kama inaondoa mafuta ya pilau kwenye sufuria, itashindwaje na vumbi la barabarani? Akina mjomba hutetea sabuni ya unga, ile ambayo nyumbani watu huiita omo hata kama paketi imeandikwa jina jingine. Vijana wanataka shampuu ya gari yenyewe, yenye picha ya gari linalong'aa na bei ya kushangaza. Kila mtu ana hoja yake, na hakuna anayeuliza hoja hizo zilitoka wapi.

Sisi wa chama cha Kiswahili tuliamua kuuliza. Tulidhani tutamaliza kwa ukurasa mmoja. Badala yake tulijikuta tunasoma habari za ufuta wa pwani yetu, mito ya Ujerumani, mkutano mkubwa uliofanyika hapa Stockholm mwaka 1972, na watu wanaosimama ndani ya Ziwa Victoria na ndoo mkononi. Jibu la swali la shampuu limebadilika mara kadhaa katika miaka mia iliyopita, na mara nyingi lililolibadilisha si gari, bali maji. Kwa maoni yetu, maneno yaliyo nyuma ya chupa inayouzwa Sweden leo yameandikwa na ziwa zaidi kuliko na fundi wa magari.

Tuanze na majina, maana sisi ni watu wa lugha. Sabuni ni neno tulilolipata kwa Waarabu. Shampuu limesafiri njia ndefu zaidi: asili yake ni Kihindi, kwenye kitenzi chenye maana ya kukanda mwili. Aliyelipa umaarufu Uingereza ni Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 alifungua nyumba ya kuogea mjini Brighton na kuwakanda wateja wake kwa mvuke na mafuta. Hakuosha nywele za mtu, alikanda misuli. Neno likahamia kwenye nywele baadaye, kisha kwenye mazulia, kisha kwenye magari. Kwa hiyo anayesugua boneti kwa sponji taratibu, kwa mizunguko, anarudi karibu na maana ya kwanza ya neno kuliko anayeosha nywele zake bafuni.

Na pwani yetu haikuwa mbali na biashara ya sabuni. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Marseille walikuja Zanzibar na bandari za pwani kununua ufuta na mbata. Mafuta yaliyokamuliwa humo yaliingia, pamoja na mambo mengine, kwenye viwanda vya sabuni vya Ufaransa. Wakati huo sabuni ilikuwa kitu kimoja tu: mafuta ya mimea au ya wanyama yaliyopikwa pamoja na alkali. Sabuni ya namna hiyo ina udhaifu ambao bibi zetu wa Unguja waliujua bila kusoma kemia. Ukiichanganya na maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, haitoi povu. Inaacha utando mweupe. Maji hayo yana chokaa, na chokaa huikamata sabuni kabla sabuni haijakamata uchafu. Kwenye shuka utando huo ni kero. Kwenye rangi ya gari ni madoa.

Magari ya kwanza yaliogopa sabuni kwa sababu nyingine pia. Kabla ya miaka ya 1920 gari lilipakwa rangi kama gari la farasi: tabaka juu ya tabaka la rangi ya mafuta na vanishi, na kazi ya kupaka na kusubiri ikauke iliweza kuchukua wiki kadhaa. Vanishi hiyo haikupenda alkali. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta Duco, rangi ya selulosi iliyokauka haraka, na ghafla magari yakaanza kutoka kiwandani yakiwa na rangi za kila aina. Volvo ya kwanza ilitoka Göteborg mwaka 1927. Saab ya kwanza kuuzwa, Saab 92, ilianza kutengenezwa mwaka 1949, na kwa miaka ya mwanzo kila moja ilikuwa ya kijani; mteja hakuwa na la kuchagua. Tunalitaja hili kwa sababu shampuu maalumu ya gari ina maana pale tu ambapo kuna rangi ya kulinda na nta juu yake. Ushauri wa kutotumia sabuni ya vyombo umetoka hapo. Sabuni ya vyombo imetengenezwa iondoe mafuta yote, na nta ya gari ni jamaa wa karibu wa mafuta. Ukioshea gari mara moja hutaona kitu. Ukioshea kila wiki, nta inakwisha na rangi inabaki uchi mbele ya jua na chumvi. Katika hilo vijana wako sahihi, na wazee watusamehe.

Lakini kama rangi ndiyo ingekuwa habari yote, tungeishia hapa.

Povu lililokataa kufa

Baada ya Vita Vikuu vya Pili sabuni ya zamani ilipata mshindani. Viwanda vilianza kutengeneza, kwa kutumia mafuta ya petroli, viosheo ambavyo havikujali chokaa ndani ya maji. Vilitoa povu popote: kisimani, mtoni, hata kwenye maji ya chumvi. Watu walivipenda mno. Sisi Waswahili hadi leo tunapima sabuni kwa povu lake, na hatuko peke yetu. Watengenezaji walijua hivyo tangu mwanzo, ndiyo maana walihakikisha povu ni jingi hata pale ambapo halikuhitajika. Povu na usafi ni vitu viwili. Povu husaidia sponji iteleze ili mchanga usikwaruze rangi, na kazi yake kubwa inaishia hapo.

Tatizo lilikuwa kwamba viosheo hivyo vya kwanza havikuoza. Molekuli zake zilikuwa na matawi mengi, na vijidudu vya majini, ambavyo kwa kawaida hula kila kitu, havikuweza kuzitafuna. Katika miaka ya 1950 mito ya Ujerumani na Uingereza ilianza kubeba milima ya povu. Upepo ulilipeperusha kutoka kwenye malango ya maji hadi barabarani. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, nayo ikaanza kutumika mwaka 1964: kiosheo lazima kiweze kuvunjwavunjwa na vijidudu. Viwanda vikabadilisha molekuli, vikanyoosha yale matawi, na mito ikatulia.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza, kwa kadiri tulivyosoma, sabuni kuchaguliwa kwa kuangalia inafanya nini baada ya kumwagwa. Hadi hapo swali lilikuwa linasafisha vipi. Sasa likaongezeka la pili: linakwenda wapi?

Hapa Stockholm swali hilo la pili lina jibu la ajabu kidogo, na wengi tuliozaliwa hapa hatukulijua. Maji ya kunywa ya jiji yanatoka Ziwa Mälaren, kupitia mitambo ya Norsborg na Lovö. Wa Norsborg ulianza mwaka 1904 na wa Lovö mwaka 1933. Majitaka ya jikoni na chooni huenda kwenye mitambo ya kusafishia, kama ule wa Henriksdal uliochongwa ndani ya mwamba na kufunguliwa mwaka 1941. Hadi hapo tuko sawa. Lakini maji ya mvua ya barabarani ni habari nyingine. Katikati ya jiji, kwenye mitaa ya zamani, bomba ni moja: mvua na majitaka husafiri pamoja. Kwenye vitongoji vilivyojengwa baada ya vita, mabomba ni mawili. La majitaka huenda kwenye mtambo. La mvua mara nyingi huenda moja kwa moja kwenye kijito, ziwa au ghuba iliyo karibu, bila kusafishwa na mtu. Wahandisi walikuwa na sababu nzuri, maana waliona mvua ni maji safi na hawakutaka yaujaze mtambo. Hawakumhesabu mtu mwenye ndoo.

Na watu wenye ndoo waliongezeka haraka. Kufikia 1960 Sweden ilikuwa na magari ya abiria zaidi ya milioni 1. Kufikia 1970 yalikuwa zaidi ya milioni 2. Kati ya 1965 na 1974 serikali ilijenga nyumba milioni moja, na humo ndimo vilimozaliwa vitongoji vya Tensta, Rinkeby, Husby na Akalla, ambavyo baadaye vilipokea wazazi wetu. Vilijengwa na viwanja vikubwa vya kuegesha magari, vyote vya lami, kila kimoja na mfuniko wake wa chuma pale maji yanapokusanyika. Jumapili alasiri hapo ndipo gari lilipooshwa. Povu liliteremka taratibu, likazunguka mfuniko, likazama. Kwa macho ya mwoshaji, kazi imekwisha.

Mwaka 1967 Waswidi wanaukumbuka kwa sababu mwezi Septemba nchi nzima ilihama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia. Mwaka ule ule, kwa kelele ndogo zaidi, liliundwa Naturvårdsverket, shirika la serikali la kulinda mazingira. Sheria ya kulinda mazingira ikafuata mwaka 1969. Maji ya jiji yalikuwa yamechafuka kiasi kwamba kuogelea katikati ya Stockholm halikuwa jambo la kufanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mitambo ya majitaka ikaanza kuondoa fosforasi, ile rutuba inayolisha mwani, na ziwa likaanza kupumua tena. Leo watu wanaogelea karibu na jengo la manispaa na kuvua samaki chini ya kasri la mfalme.

Kisha ukaja mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira ya binadamu, Stockholm, tarehe 5 hadi 16 Juni 1972. Siku ya kufunguliwa kwake ndiyo inayoadhimishwa hadi leo duniani kote kama Siku ya Mazingira. Kwa msomaji wa jarida hili jambo la kukumbuka ni lililofuata: mwezi Desemba mwaka huo Baraza Kuu liliunda shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, na baada ya wanadiplomasia wa Kenya kushawishi sana, likapewa makao yake Nairobi. Ilikuwa mara ya kwanza makao makuu ya shirika la namna hiyo kuwekwa katika nchi inayoendelea. Mazungumzo yaliyoanzia jiji tunaloishi yakahamia jiji ambako baadhi yetu tuna shangazi na binamu. Tunapenda kulikumbusha hilo kila tunapoambiwa kwamba mambo ya mazingira ni ya Wazungu.

Shimo chini ya sakafu

Sasa turudi kwenye chupa, maana hapa ndipo tulipopata kitu ambacho hatukukitarajia.

Majira ya baridi ya Stockholm huliachia gari uchafu wa aina yake. Kuna chumvi inayomwagwa barabarani. Kuna matairi yenye misumari ambayo huichimba lami na kuifanya vumbi. Vumbi hilo lilikuwa baya kiasi kwamba kuanzia Januari 2010 matairi hayo yalipigwa marufuku kwenye barabara ya Hornsgatan. Na kuna lami yenyewe, inayorukia milango kwa vitone vyeusi. Shampuu ya kawaida, yenye pH karibu na 7, haiwezi kuondoa lami. Ndiyo maana Waswidi walizoea kupulizia kwanza dawa ya kuondoa grisi yenye asili ya petroli, kungoja kidogo, kisha kuosha. Kilichotiririka hapo si povu tu. Ni petroli iliyobeba lami, na ndani yake mabaki ya metali kutoka kwenye breki, matairi na barabara: zinki, shaba, risasi, kadimiamu.

Ili kuzuia hayo, kumbi za kuoshea magari hujengwa na mashimo chini ya sakafu. La kwanza huacha mchanga na tope vitue. La pili hutenganisha mafuta na maji, kwa kanuni ambayo kila mpishi wetu anaijua: mchuzi ukitulia, mafuta huelea juu. Maji ya chini hutoka kwenda kwenye bomba la majitaka, mafuta hubaki yakisubiri gari la kunyonya.

Lakini shampuu haipendi mchuzi utulie. Kazi yake yote ni kuyakamata mafuta na kuyachanganya na maji. Kila molekuli yake ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Huvizunguka vitone vya mafuta na kuvizuia visiungane tena. Basi shampuu iliyo hodari kupita kiasi huyashika mafuta hata ndani ya lile shimo. Hayaelei. Hupita pamoja na maji kama abiria asiyelipa nauli, na shimo lililogharimu fedha nyingi linabaki pambo. Ndipo likaja sharti jipya ambalo mtu anayeangalia rangi tu asingelifikiria: shampuu nzuri ni ile inayoyashika mafuta kwa dakika chache kwenye mlango wa gari, kisha inayaachia. Kwa hiyo wenye kumbi hushauriwa wachague bidhaa zinazotengana na mafuta haraka, na wasichanganye dawa ya kampuni hii na shampuu ya kampuni ile, maana mbili zinazoachia vizuri zikiwa peke yake zinaweza kukataa kuachia zikiwa pamoja.

Tulimweleza mzee mmoja jambo hili akacheka sana. Akasema ni kama mgeni: sifa yake ni kujua wakati wa kuondoka.

Sheria nazo zilisogea. Mwaka 1989 nchi za Nordiki zilianzisha alama ya Svanen, yule ndege wa kijani tunayemwona kwenye karatasi za chooni, na leo alama hiyo hupewa pia shampuu za magari na kumbi za kuoshea. Tangu 2005 Umoja wa Ulaya umezuia kemikali za jamii ya nonilifenoli kwenye bidhaa za kusafishia, kwa sababu zinapooza huacha kitu kinachovuruga homoni za samaki. Na kanuni iliyoanza kutumika mwaka huo huo inataka viosheo vyote vinavyouzwa viweze kuoza. Mwaka 2008 Sweden ilipiga marufuku fosfati kwenye sabuni za kufulia za majumbani. Maana yake ni kwamba chupa yoyote halali unayoichukua dukani leo imeshachujwa mara kadhaa kabla hujaigusa. Kati ya hizo, kwa uoshaji wa kawaida tungechukua yenye pH ya katikati na alama ya Svanen au Bra Miljöval, na tungefuata kipimo kilichoandikwa. Kuongeza shampuu maradufu hakuongezi usafi, kunaongeza suuza. Yenye alkali tungeiacha kwa uchafu wa majira ya baridi. Ya petroli tusingeifungua nje ya ukumbi wenye shimo.

Hata hivyo, na hapa tunatofautiana na matangazo, shampuu yenye alama zote haigeuzi lami ya uwanja kuwa mahali sahihi pa kuoshea. Alama inahusu kilicho ndani ya chupa. Haihusu lami, metali na grisi vinavyotoka kwenye gari, na hivyo ndivyo vinavyoingia mfunikoni. Ndiyo sababu manispaa nyingi zinakataza au kushauri dhidi ya kuosha gari mtaani, na kila majira ya kuchipua kuna kampeni ya kuwahimiza watu waende kwenye kumbi.

Ushauri wa pili wa manispaa ni kwamba, ukishindwa kabisa, osha gari juu ya nyasi au changarawe, udongo uchuje. Ni ushauri wa kweli, lakini umeandikwa kwa mtu mwenye bustani. Husby hakuna bustani ya mtu. Kuna ghorofa na lami. Mwenye nyumba yake kule Bromma anaweza kuosha bure na kwa dhamiri safi. Anayeishi ghorofa ya saba lazima alipe ukumbi, au afanye Jumapili jioni kile ambacho jirani atamtazama vibaya. Na kitu cha kulinda kipo karibu mno: kati ya Husby na Akalla upande mmoja na Tensta na Rinkeby upande wa pili kunapita kijito cha Igelbäcken, kinachoishia ghuba ya Edsviken. Ndani yake anaishi samaki mdogo aitwaye grönling, ambaye ni adimu katika eneo hili. Wengi wetu tulicheza kando ya kijito hicho miaka yote ya utoto bila kujua ana jina.

Wanaosimama ndani ya maji

Ukitoka na swali hili Stockholm ukaenda Kisumu, linageuka kichwa chini. Kwa miaka mingi, ufukweni mwa Ziwa Victoria, magari yamekuwa yakiingizwa moja kwa moja majini hadi matairi yazame, na vijana huyaosha wakiwa wamesimama ndani ya ziwa. Maji hayalipiwi, na hakuna bomba wala shimo. Povu linakwenda pale pale lilipo.

Mtu wa Stockholm akiona picha hiyo husikitikia ziwa kwanza. Sheria zipo: Kenya ilitunga sheria yake kuu ya mazingira mwaka 1999, na Tanzania, kwa sheria ya 2004, ilizuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto pale zinapoweza kuharibu mazingira. Lakini si haki kuwatwika waosha magari mzigo wa ziwa zima. Gugu maji lililoifunika Ghuba ya Winam katika miaka ya 1990 lililishwa zaidi na mbolea na udongo wa mashambani na majitaka ya miji kuliko ndoo za vijana.

Hatari kubwa ilikuwa upande wa pili, kutoka ziwani kuja kwa mwoshaji. Katika maji hayo ya ufukweni wanaishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono, huogelea, na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Mwosha magari husimama humo siku nzima, kila siku. Ndiyo maana watafiti wa Kenya na Marekani waliwaomba wawe washiriki wa utafiti mrefu: walitibiwa kwa dawa ya prazikuanteli, wakaendelea na kazi, wakaambukizwa tena, wakatibiwa tena. Matokeo yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2002 yalionyesha kwamba baadhi yao, baada ya kuambukizwa na kutibiwa mara nyingi, walianza kujenga kinga. Ili kujua mtu amekutana na maji yenye vimelea kiasi gani, watafiti walihesabu magari aliyoosha. Tulipofika kwenye sentensi hiyo tulisimama kidogo. Gari lililooshwa, ambalo kwetu ni kipimo cha usafi au cha mapato, hapo limekuwa kipimo cha ugonjwa.

Hakuna chupa ya shampuu, hata yenye ndege wa kijani, inayojibu hilo. Linalojibu ni sakafu, bomba na buti.

Na buti zinaturudisha Stockholm, kwa sababu historia ya sabuni tuliyoisoma inawajua samaki kuliko inavyoijua mikono. Magari mengi hapa yanaoshwa na wageni, baadhi yao watu wetu, kwenye kumbi na gereji za chini ya ardhi. Serikali imeanza kuziangalia kazi hizo. Tangu Julai 2018 gereji na waosha magari wanatakiwa kuweka daftari la wafanyakazi waliopo kazini kila siku, ili ofisi ya kodi iweze kukagua. Daftari linasema nani yupo. Halisemi kama ana glavu. Ndugu mmoja wa mwanachama wetu aliosha magari msimu mzima kwa dawa ya rimu bila kuambiwa ni asidi. Ngozi ya vidole vyake ilichukua miezi kupona. Maelezo yalikuwa kwenye dumu, kama sheria inavyotaka, kwa Kiswidi.

Basi tumeona kazi ambayo chama chetu kinaweza kuifanya ni hii ndogo. Zifuatazo ni sentensi tulizozikuta kwenye chupa na madumu ya kuoshea magari, pamoja na maana zake. Ukiwa na mjomba, shangazi au kaka anayefanya kazi hiyo, mkatie ukurasa huu.

"Irriterar huden": inawasha na kuchubua ngozi. Vaa glavu za mpira.

"Orsakar allvarlig ögonirritation": inawasha macho vibaya. Ikiingia, suuza kwa maji mengi kwa dakika kadhaa, na kama umevaa lenzi, zitoe.

"Orsakar allvarliga ögonskador": inaharibu macho. Vaa miwani ya kukinga, hata kama bosi haivai.

"Orsakar allvarliga frätskador på hud och ögon": inaunguza ngozi na macho. Mara nyingi ni dawa ya rimu au ya grisi yenye nguvu. Usiishike kwa mikono mitupu hata kidogo.

"Skadliga långtidseffekter för vattenlevande organismer": inadhuru viumbe wa majini kwa muda mrefu. Isiingie kwenye mfuniko wa barabarani.

"Kan vara dödligt vid förtäring om det kommer ner i luftvägarna": inaweza kuua ikimezwa na kuingia kwenye njia ya hewa. Hii huandikwa kwenye dawa za grisi za petroli. Usimtapishe mtu aliyeimeza, piga 112. Na usiihamishie kwenye chupa ya soda, hata kwa nusu saa.